Dhahabu ya Nyotani Inapitia Macalder

Kuna stori ambayo waandishi wa sayansi hawachoki kuisimulia: pete yako ilitoka angani. Nyota mbili ziligongana, dhahabu ikarushwa huko na huko, na leo imekaa kidoleni mwako. Stori tamu, na inasambaa haraka kwenye simu. Shida ni kwamba kati ya nyota na kidole hakuna mtu hata mmoja.

Sayansi yenyewe ipo. Tarehe 17 Agosti 2017, vituo vya LIGO vya Marekani, vikisaidiwa na Virgo cha Italia, vilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa kama miaka-nuru milioni 130. Darubini zikageuzwa upande huo, zikaona mwanga wenye dalili za elementi nzito. Vichwa vya habari vikafunga kesi: chanzo cha dhahabu kimejulikana. Wanasayansi wao bado wanabishana. Migongano hiyo hutokea mara ngapi? Milipuko mingine ya nyota inachangia kiasi gani? Ndiyo maana wanataka vituo vikubwa zaidi: Cosmic Explorer huko Marekani, wenye mikono ya hadi kilomita 40 wakati ya LIGO ni kilomita 4, na Einstein Telescope, utakaochimbiwa chini ya ardhi Ulaya ili kukwepa mitetemo ya juu.

Sasa njoo Migori. Huku Macalder, Nyatike, watu pia wanachimba. Wachimbaji wadogo wanashuka mashimoni, mawe yanasagwa, unga unaoshwa kwenye karai. Kisha zebaki inachanganywa, mara nyingi kwa mikono mitupu, ili ishike chembe za dhahabu. Ikichomwa, inapaa kama mvuke na mtu anauvuta. Wengi wanaoosha ni kina mama. Zebaki inayomwagika hufuata maji, na maji ya huku huelekea Ziwa Victoria, ziwa ambalo Homa Bay nayo inavua na kula. Majini, vijidudu vinaweza kuigeuza ikaingia kwenye samaki, na sumu hiyo inaweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye bado tumboni.

Na hapa ndipo ile stori tamu inaponaswa. Kwenye jedwali la elementi, dhahabu ni namba 79, zebaki ni namba 80. Ni majirani. Sehemu ya zebaki nayo ilipikwa kwenye misukosuko ileile ya nyota. Lakini umewahi kusoma mahali ati mvuke ulio kwenye mapafu ya mama wa Nyatike ni vumbi la nyota? Ushairi wote tumeupa pete. Yaani tumechagua nani aguswe na mbingu, halafu tukaiita sayansi.

Hivyo vituo na vijengwe. Hesabu ya migongano tunaihitaji. Ila anayetuandikia habari zake asiruke kutoka miaka-nuru milioni 130 hadi dirisha la sonara. Njiani kuna karai, kuna mkono ndani ya karai, na mwenye mkono huo ana jina. Aanze kwa kumuuliza.