Si kila Martínez ni ndugu wa Martínez

Juma lililopita nilikuwa nikitazama mechi ya Argentina katika kibanda kimoja cha video. Mtangazaji, kwa Kiswahili cha kuvutia kwa kweli, akasema kwamba "ndugu hao wa familia ya Martinezi" wanaibeba timu. Kijana aliyeketi kando yangu akanigeukia: "Kwani mwalimu, hawa ni wa baba mmoja?" Nikamjibu kuwa sivyo. Katika makala ya leo ninanuia kueleza kwa nini.

Katika kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka wa 2022, Argentina ilikuwa na akina Martínez watatu: Emiliano, Lisandro na Lautaro. Hawakuzaliwa nyumba moja. Kiambishi "-ez" katika Kihispania cha kale kilimaanisha "mwana wa". Martínez basi ni mwana wa Martín, Fernández ni wa Fernando, Rodríguez ni wa Rodrigo na Sánchez ni wa Sancho. Wanaume walioitwa Martín walikuwa wengi, na kila mmoja angeweza kuwa chanzo cha ukoo wake.

Dhana hii si ngeni kwetu. Wakalenjin wana "arap", Wagikuyu wana "wa", na Waswahili wana "bin", ambayo tunaisikia hadi leo ndani ya neno "ubini". Tofauti ni kwamba viambajengo vyetu hivi hutangulia jina la baba na kusimama peke yake, ilhali "-ez" hugandamana na jina mwishoni. Aidha, maana yake imeganda. Martínez wa leo si lazima babake aitwe Martín, jinsi ambavyo Gideon Moi ni mwana wa Daniel, ingawa anaitwa Moi.

Kosa la pili ni la matamshi. Mkazo wa Martínez huwekwa kwenye silabi "ti", na ndiyo sababu ya alama ile juu ya herufi "i". Kiingereza aghalabu huiacha alama hiyo kikiandika, japo wasemaji wake wengi huuhifadhi mkazo. Sisi tunainakili tahajia hiyo kavu, tunaongeza "i" mwishoni, kisha kanuni yetu ya mkazo inaurukisha hadi "ne": "Martinezi". Pia tutenganishe Enzo Fernández na Bruno Fernandes. Wa kwanza jina lake ni la Kihispania, wa pili ni la Kireno. Herufi moja tu, lakini inabeba lugha nzima.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Katika mila ya Kihispania, mtu huwa na majina mawili ya ukoo: la upande wa baba hutangulia, la upande wa mama hufuata. Mwandishi wa Kolombia aliyetuzwa Nobeli ya Fasihi mwaka wa 1982 babake ni García, mamake ni Márquez. Jina lake la ukoo ni García Márquez. Kwa kuwa Kiingereza huchukulia jina la mwisho kuwa ndilo la ukoo, wengi humwita "Marquez" tu na kudhani García ni jina la katikati. Huko ni kumwondolea mtu ubini wa babake bila idhini yake.

Ninasema haya nikijishtaki mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimkata mwanafunzi alama kwa kumworodhesha mwandishi huyo chini ya herufi G katika marejeleo yake. Alijaribu kunieleza, nikamwambia aache ubishi. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mimi niliyekuwa nikilalamika Ngũgĩ wa Thiong'o anapoitwa "Thiong'o" ughaibuni, nilikuwa nikimtendea mwingine yaleyale.

Sensa ya Marekani ya 2010 iliyaweka García, Rodríguez na Martínez miongoni mwa majina kumi ya ukoo yaliyoenea zaidi nchini humo. Tutazidi kukutana nayo viwanjani, vitabuni na katika habari. Mtangazaji anapokutana na jina geni, asilichukue jinsi Kiingereza kilivyolipitisha. Aulize limetoka lugha gani, linatamkwaje huko, na sehemu ipi ndiyo ya ukoo. Tunawadai wageni heshima hiyo kwa majina yetu, na deni hilo ni la pande zote mbili.