Kasulu Mji: neno moja au mawili?

Programu yangu ndogo, jumla.py, hujumlisha magunia ya maharage ya halmashauri. Kibondo haina shida. Andika kwenye terminali

python3 jumla.py Kibondo 12 15

na jibu linakuja: Kibondo, magunia 27 ya maharage. Badala ya Kibondo weka Kasulu Mji, programu inaanguka papo hapo ikidai kwamba 'Mji' si namba. Na Kasulu huwezi kuiandika peke yake ukaeleweka, maana ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya.

Wengi hapo hufungua msimbo kutafuta kosa. Hawatalipata, kwa sababu mambo yaliharibika kabla programu haijaanza. Kwenye Linux, sheli ndiyo inayosoma mstari wako, inaukata kila penye nafasi, kisha inaikabidhi programu vipande. Python inaviweka ndani ya sys.argv: nambari sifuri ni jina la programu yenyewe, moja ni Kasulu, mbili ni Mji. Programu ilingoja magunia, ikaletewa mji.

Vocha ya simu haina balaa hili. Unapobonyeza *104*, namba za vocha, halafu #, kinachotenganisha ni nyota, na hakuna vocha yenye nyota ndani yake. Sheli imechagua nafasi, na majina yetu yamejaa nafasi.

Dawa ni alama za nukuu: "Kasulu Mji" 12 15. Sheli inaliacha jina zima, inazivua nukuu, na programu haijui kama zilikuwepo.

Kuna wanaokimbilia argparse, moduli ya kusoma vipande hivyo, iliyoingia Python 2.7 mwaka 2010. Ni nzuri, naitumia, lakini nukuu haikuondolei. Ukiandika --halmashauri Kasulu Mji bila nukuu, bado Mji itaangukia kwenye magunia. Tofauti ni kwamba sasa utaambiwa ni sehemu ipi iliyokosewa.

Jambo jingine: kila kipande hufika kikiwa maandishi. Usipokipitisha kwenye int(), inayokigeuza kuwa namba, 12 na 15 zinaunganishwa kuwa 1215, na hapo hakuna kinachoanguka. Halmashauri ya magunia 27 inageuka tajiri kwenye ripoti. Mimi naliogopa hili kuliko lile la Mji.

Kwa hiyo ukiandika maelekezo ya programu yako, mfano wa kwanza uwe Kasulu Mji. Kibondo itafanya kazi tu.