Kromu Haipokei Puti

Mtu anayekuuzia gari la kale hukuonyesha rangi kwanza. Atakuzungusha kando ya Volkswagen yake, ile ya mgongo wa chura, akupapasishe mlango, akuhakikishie kwamba rangi imepigwa mikono minne na haijapata mkwaruzo. Mwache amalize. Kisha chuchumaa mbele ya bampa, uliangalie taratibu, na uligeuzie jicho hadi uvunguni.

Rangi huvumilia mengi. Bodi iliyoliwa na kutu mpaka kidole kinapita huzibwa kwa puti, puti ikapigwa msasa, ikapakwa praima, na siku ya maonyesho hakuna ajuaye kwamba nusu ya ubavu si chuma tena. Kromu haina uvumilivu huo. Hupandishwa juu ya chuma kwa umeme, na umeme haupiti kwenye puti. Kila kitundu lazima kijazwe kwa metali. Kila bonde lazima linyooshwe kwa nyundo, kutokea nyuma, kidogo kidogo, mpaka chuma chenyewe kikubali. Na kazi ikishakwisha, mng'aro haufuniki kasoro, bali huitangaza: kiwimbi ambacho kiganja hakikukihisi, jicho hukiona kutoka hatua kumi. Hakuna sehemu nyingine ya gari inayomdai fundi ukweli kiasi hicho. Ndiyo maana sifa zangu hapa zinamlenga yeye kuliko kromu yenyewe.

Kromu yenyewe, tukisema haki, inastahili sifa kidogo tu. Kinachong'aa kwenye bampa zuri ni nikeli. Chini kuna chuma, juu yake shaba, juu ya shaba nikeli yenye unene wa maikroni 20 au 30 hivi, na mwisho kabisa utando wa kromu ambao kwa kawaida haufiki hata maikroni moja. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi, kwa hiyo anayelipia kromu analipia kitu asichoweza kukishika. Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin aliigundua metali hii tangu 1797, katika madini mekundu yaliyotoka Siberia, lakini magari yaliisubiri mpaka nusu ya pili ya miaka ya 1920. Kabla ya hapo wenye magari walisugua nikeli na shaba zao bila kuchoka, kwa sababu nikeli ikiachwa wazi hufifia na kuingia umanjano. Kromu ilikuja kuulinda mng'aro uliokuwapo tayari, na kuutia ubuluu kidogo wa baridi.

Wamarekani walifundishwa tofauti ya nikeli na kromu wakati wa Vita vya Korea. Nikeli ilibanwa kwa ajili ya mahitaji ya vita, na magari mengi ya 1952 yakatoka viwandani yakiwa na kromu iliyokalia shaba moja kwa moja. Yaling'aa vizuri sana siku ya kununuliwa. Leo anayefufua gari la mwaka ule anajua kwamba karibu kila kipande kitahitaji kuvuliwa na kuvikwa upya.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na methali hiyo inawafaa wavika kromu wengi wa bei nafuu. Fundi wa kweli huanzia ndani. Bampa likimfikia, hulitumbukiza kwenye asidi, kromu ya zamani ikayeyuka. Nikeli huivua kwa kuugeuza umeme, ule uliokuwa ukileta metali sasa uiondoe. Kinachotoka tangini huwavunja wengi moyo: chuma cheusi, chenye vidonda, kinachoonekana kibaya kuliko kilivyoingia. Wenye gari hupiga simu wakilalamika. Fundi hana la kuwajibu, kwa sababu ndiyo kwanza anaanza.

Hunyoosha, huchomelea palipotoboka, husaga kwa ukanda wa msasa mkali, kisha mwororo. Halafu huvika shaba. Shaba ni laini na mtiifu, nayo ndiyo inayojaza vidonda. Huivika nene, kisha huisugua yote mpaka ibaki ndani ya vitundu tu. Huvika tena, husugua tena. Kipande kilichooza sana huupitia mzunguko huo mara nyingi, na hakuna njia ya mkato, ingawa kila mteja huiulizia. Mwishowe kipande hupelekwa kwenye gurudumu la kitambaa linalozunguka kwa kasi, limepakwa nta yenye unga wa kusugulia. Gurudumu hilo ni adui wa mtu mzembe. Likikamata ukingo wa kipande humpokonya fundi mkononi na kukirusha hadi ukutani. Na hata lisiporusha, hula. Mistari iliyokuwa mikali hulainika, herufi za nembo hupoteza kona zake, matundu ya bolti huwa marefu kama ya vifungo vya shati. Ukipokea nembo inayong'aa ajabu lakini haisomeki vizuri, aliyeisugua hakujua kusimama. Mimi humpima fundi wa kung'arisha kwa pale alipojizuia.

Umeme nao una upendeleo wake. Hukimbilia kingo na ncha, ukavika huko kwa wingi, ukayasahau mabonde na pembe za ndani. Tangi la kromu ndilo baya kuliko yote, kwani mara nyingi zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake huishia kutoa mapovu ya haidrojeni badala ya kupandisha metali. Kwa hiyo mjuzi hufikiri kabla ya kuning'iniza kipande: kitazame upande gani, kiinamishwe kiasi gani, anodi ya ziada ikunjwe vipi ili ifuate umbo lake na kupeleka metali mahali umeme usipopenda kwenda. Bili haiandiki mambo hayo. Baada ya masika mawili au matatu ndipo yanapojionyesha, ndani ya mkunjo wa bampa, pale ambapo kazi ya haraka huanza kuchuruzika maji ya kutu.

Lakini kabla hujamtafuta fundi, jua kwanza kipi ni kromu. Wengi hujaza gunia kila kinachong'aa wakalipeleka lote karakana, kosa la gharama. Kwenye Volkswagen, mabampa na vifuniko vya magurudumu ni chuma kilichovikwa. Zile fito nyembamba za ubavuni na juu ya boneti ni alumini iliyotiwa ganda gumu kwa umeme, na anayezisugua kwa dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba anaondoa ganda lile lile linalozilinda. Zitang'aa wiki moja kisha zitakuwa na ukungu. Magari mengine ya enzi hiyo yana fito za stenlesi. Ukizikuta, shukuru. Hazina tabaka la kubanduka. Zilizobonyea hugongwa polepole kwa nyundo ndogo juu ya kigogo, zikapigwa msasa kuanzia namba 220 mpaka 2000, zikapita kwenye gurudumu, zikarudi zilivyozaliwa. Sumaku husaidia kutenganisha chuma na alumini, ila usiikabidhi hukumu yote, maana kuna stenlesi inayoshikwa na sumaku vizuri kabisa.

Tabu kubwa iko kwenye zinki. Vishikio vya milango, nembo na urembo mwingi mdogo wa magari ya miaka ya 1950 na 1960 ulitengenezwa kwa zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa kwenye kalibu. Kwa kiwanda ilikuwa njia rahisi. Aliyerithi gari ndiye aliyerithi shida. Unyevu ukishapenya, zinki huliwa chini kwa chini na kromu huvimba vipele. Asidi iliyovua bampa bila kulidhuru itakila kishikio cha zinki mpaka kisifae. Inabidi kila kipele kichimbwe kwa drili hadi kwenye metali safi, kijazwe kwa lehemu au shaba, kisuguliwe kwa mkono kufuata umbo. Kazi ya kishikio kimoja cha ukubwa wa kiganja inaweza kuzidi ya bampa zima. Mwenye Volkswagen ana afueni hapa, gari lake halikupenda mapambo. Mwenye Buick ya 1958, ambayo sehemu yake ya mbele ina vipande 160 vya mraba vilivyovikwa kromu, namwombea subira.

Volkswagen ina bahati nyingine. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, ikapata jina kwa kuyashinda matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika, na duniani iliendelea kutengenezwa mpaka Julai 2003 nchini Mexico, baada ya magari zaidi ya milioni 21. Spea basi si haba. Spea nzuri ndizo haba. Kwanza kuna suala la umri: mabampa yaliyopinda na yenye umbo la mviringo ni ya kabla ya Agosti 1967, yaliyofuata ni ya mraba na hukaa juu zaidi, vifuniko vya magurudumu vilivyotuna vilivipisha vya bapa mwaka 1965. Kununua kizuri kisicho cha gari lako ni kumtunzia mwenzako.

Kisha kuna ubora. Pale Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, bampa jipya hutolewa ndani ya nailoni, na muuzaji ataanza na mng'aro wake. Muulize uzito. Bampa la kuiga mara nyingi ni la chuma chembamba, na matundu yake hayakutani na mikono ya kulishikilia mpaka uyavute kwa nguvu. Maneno ya kwenye boksi kwamba limevikwa mara tatu hayakuambii lolote: shaba, nikeli na kromu tayari ni tatu, hata kila moja ikiwa nyembamba ya kukata tamaa. Lishike chini ya taa ya tyubu, utazame mstari wa mwanga, kisha usogeze kichwa. Mstari huo uteleze bila kutetemeka. Ukijikunja na kujikunjua, chuma hakikusuguliwa ipasavyo kabla ya kuvikwa. Baadaye ligeuze. Watu hawaangalii nyuma, na wenye haraka wanalijua hilo. Ukikuta rangi ya fedha imepulizwa juu ya chuma kitupu, umeshapata jibu lako. Angalia pia kingo na pembe za matundu ya bolti, ambako msasa hula zaidi. Sizungumzii kabisa ile rangi ya kopo inayoitwa kromu, wala plastiki inayobandikwa kwa gundi. Hizo ni za harusi, ziishe pamoja na harusi.

Nikipewa nichague kati ya bampa jipya la kuiga linalometameta na la Kijerumani la zamani, lililonyooka lakini lenye kutu, nachukua la kutu. Uzito upo, umbo lipo, matundu yanakutana. Kilichopungua ni kazi, na kazi inanunulika kwa fundi. Bora zaidi hilo la zamani litoke bara. Utando wa kromu una nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na chumvi ya bahari inazijua zote; gari lililolala miaka Mombasa karibu na maji na lililolala miaka hiyo hiyo banda kavu la Nakuru hayafanani hata kama yalitoka kiwandani siku moja. Kutu ya juu juu isikutishe. Kipande cha foili ya jikoni kilicholoweshwa maji huiondoa bila kukwaruza, kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromu. Nyuma ya bampa paka nta, tena kwa ukarimu.

Iko bei nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Tangi la kromu la jadi hutumia kromu ya aina inayosababisha saratani ya mapafu, na yale mapovu ya haidrojeni yanapopasuka hurusha ukungu wake hewani. Wafanyakazi wa zamani waliouvuta bila kinga walitobolewa ukuta wa kati wa pua. Nikiingia karakana ya kuvika kromu, kabla ya kuangalia kazi iliyoning'inizwa mlangoni naangalia kama kuna feni ya kuvuta mvuke juu ya tangi, na kama vijana wana glavu. Pasipokuwa na hivyo, bei nafuu ninayotajiwa kuna anayeilipa kwa niaba yangu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeidai kemikali hiyo kibali maalumu tangu Septemba 2017, na California ilipitisha mwaka 2023 kanuni za kuiondoa hatua kwa hatua kwenye kazi za urembo. Karakana kadhaa zimehamia kromu ya aina nyingine, isiyo na sumu kiasi hicho.

Rangi ya kromu hiyo mpya hailingani sawasawa na ile ya kale. Ule ubuluu wa baridi hupungua, na juani mng'aro hutoka mzito kidogo, wenye joto. Ukivika bampa la mbele kwa njia mpya ukaacha pete za taa za mbele na kromu yake ya kiwandani, jicho zuri litaona. Dawa ni kupeleka vipande vyote vya uso wa gari pamoja, tangi moja, siku moja, hata kama mkoba unapendekeza kimoja kimoja. Kwenye uwanja wa Ngong, yanakofanyika mashindano ya Concours d'Elegance, waamuzi wana macho hayo. Wakinikata alama mbili kwa ajili ya joto hilo, wazikate.