Usilitupie Jua Lawama Zote: Stika ya Daladala Inakufaje?

Waulize mafundi wa stika Dar es Salaam kwa nini kazi ya mwaka jana imepauka na kujikunja, jibu utakalopata mara nyingi ni fupi: "Jua la Dar hilo, ndugu yangu." Ukweli umo. Shida ni kwamba jibu hilo linafunga mjadala kabla haujaanza, na anayebaki na hasara ni mwenye gari.

Tuanze na kile ambacho jua linafanya kweli. Stika nyingi za magari ni plastiki ya PVC, ambayo mtaani inaitwa vinili. Miale ya urujuanimno ina nishati ya kutosha kuvunja vifungo vya kikemikali. PVC ikipigwa na miale hiyo pamoja na joto, hupoteza haidrojeni na klorini, na minyororo inayobaki huanza kugeuka njano, kisha kahawia. Wino nao haufi kwa pamoja: kwa kawaida njano na majenta hutangulia, samawati na nyeusi hufuata. Ndiyo maana wekundu wa stika ya Simba iliyochapwa kwa printa hugeuka waridi, na kijani cha Yanga, kwa kuwa ni samawati iliyochanganywa na njano, huelekea bluu. Msigombane jamani, kemia haina timu.

Lakini kupauka ni jambo moja, kupasuka na kujikunja pembeni ni jingine. PVC yenyewe ni ngumu. Ndiyo ile ile ya mabomba ya maji. Ili ilainike, kiwandani huchanganywa na vilainishi. Vilainishi hivi havifungamani na plastiki, vimejipenyeza tu katikati ya minyororo yake. Kwa hiyo vinatoka taratibu: vingine hupotea hewani, vingine huhamia kwenye gundi na kuiharibu. Plastiki inayobaki hukakamaa, husinyaa na kupasuka. Joto linaharakisha safari hiyo, ila mlango uliachwa wazi tangu kiwandani.

Halafu kuna utengenezaji wenyewe. Vinili ya bei nafuu hupatikana kwa kukandamiza plastiki ya moto kati ya rola. Mvuto ule unabaki ndani yake, yaani ikipata joto inataka kurudi ilivyokuwa, hivyo inasinyaa. Vinili ya gharama humiminwa ikiwa majimaji na kukauka bila kuvutwa. Huwa nyembamba, mara nyingi kama mikroni 50, na hulala vizuri kwenye mikunjo ya bodi. Dukani zote mbili zinaitwa "stika", na mteja anauliza bei ya mita basi.

Hapo ndipo ninapolaumu. Stika ya bei nafuu si kosa. Tangazo la mwezi mmoja halihitaji zaidi. Kosa ni kuiuza kwa ahadi ya miaka mitano. Makadirio ya viwanda kwa kawaida ni ya sehemu iliyosimama wima, na watengenezaji wakubwa huyapunguza kwa nchi zenye jua kali na kwa sehemu zilizolala kama boneti na paa. Anayeinakili ile namba bila masharti yake anauza muda ambao gari la Mbagala halitaufikia.

Na hasara haiishii mfukoni. Stika iliyokakamaa haibanduki nzima, inatoka vipande vipande, na vipande hivyo vikichomwa na takataka za gereji hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayowasha macho na koo. Moto wa namna hiyo unaweza pia kutoa dioksini, sumu zinazokaa mwilini kwa miaka. Anayevuta moshi huo ni kijana aliyetumwa kubandua.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza maswali matatu. Vinili hii ni ya kumimina au ya rola? Juu ya wino kuna tabaka la kinga? Itakaa ubavuni au kwenye boneti? Fundi anayeijua kazi yake atakujibu bila kununa. Na siku akikwambia yote ni jua, mkumbushe kwamba jua lilikuwepo siku anaibandika.