Roboti ingefaa wapi katika kiwanda cha mkonge?

Kutoka Manundu, mjini Korogwe, si safari ndefu kufika kwenye mashamba ya mkonge ya Ngombezi au Magunga. Mashine ya kuchakata mkonge, korona, ni kipimo kizuri kwa yeyote anayefikiria kuleta roboti shirikishi kiwandani, yaani zile zinazofanya kazi bega kwa bega na watu. Korona hujifanyia karibu kila kitu isipokuwa kujilisha.

Wafanyakazi hufungua mizigo ya majani, huyalaza kwa kukingama juu ya mkanda na kusawazisha vikonyo. Kuanzia hapo mashine huyabana katikati. Ngoma yenye visu butu hukwangua nusu moja, mshiko huhamia kwenye nyuzi zilizokwisha kutoka, kisha ngoma ya pili humalizia nusu iliyobaki.

Korona kubwa humeza majani kama 20,000 kwa saa, yaani zaidi ya matano kila sekunde. Roboti shirikishi huhitaji sekunde kadhaa kuokota kitu kimoja na kukiweka mahali pake. Tena majani hayalingani urefu, yamelaliana, na yanateleza kwa utomvu. Mikono ya watu wanne watano huyatandaza kwa mafungu, bila kupima.

Upande wa pili wa kiwanda kikwazo ni uzito. Robota la katani, yaani bunda la nyuzi za mkonge, lina kilo 250. UR10e, roboti ya kampuni ya Universal Robots iliyoanzishwa mwaka 2005 huko Odense, Denmark, hubeba kilo 12.5, na humo kishikio chake kimeshahesabiwa. Robota moja ni sawa na mizigo 20 ya roboti hiyo. Hiyo ni kazi ya winchi au foklifti.

Nafasi ya roboti shirikishi iko mbele zaidi, kwenye kiwanda cha kusokota kamba. Huko mabunda ya kamba yana umbo moja na uzito mmoja, hufika mahali palepale, na yakishafungwa kwenye maboksi hupangwa juu ya paleti kwa mpangilio usiobadilika. Mtu anayeinama na kuinuka na boksi la kilo 10 kutwa nzima ndiye anayepunguziwa mzigo.

Hata huko, uzio wa usalama hauondolewi kwa sababu tu muuzaji amesema roboti ni salama. Mwongozo wa ISO/TS 15066 wa mwaka 2016 uliweka mipaka ya nguvu ambayo roboti inaweza kumgonga nayo mtu, na tathmini ya hatari hujumlisha kishikio na mzigo wenyewe.