Hojaji za Watoto na Mwezi wa Port Bell: Tahakiki ya Dhana ya Mvuto

Katika miongozo mingi ya utafiti unaowahusu watoto na vijana, mvuto wa hojaji huchukuliwa kuwa suala la sura: nyuso zinazocheka na kununa badala ya tarakimu 1 hadi 5, vibonzo pembezoni, rangi. Mapambo hayo yana nafasi yake, ingawa watoto wadogo huelekea kuchagua uso wa mwisho, wa furaha au wa huzuni, na kuziruka nyuso za katikati. Swali lenyewe hayaligusi.

Port Bell, bandari ya Kampala katika Ziwa Victoria, yaonyesha tatizo lilipo. Hojaji za MICS za UNICEF hupima kazi za watoto wa miaka 5 hadi 17 kwa kuuliza kuhusu wiki iliyopita, na anayejibu kwa kawaida ni mama au mlezi. Sasa, dagaa wa ziwani, ambao Waganda huwaita mukene, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'aa, uvuvi hupungua. Mtoto anayesaidia kuwaanika aweza kuhesabiwa mfanyakazi wiki hii, na wiki mbili baadaye asionekane kabisa katika takwimu. Hakuna kibonzo kitakachosahihisha hilo. Kuutawanya usaili katika mwezi mzima kunaongeza nauli za wasaili, naam, lakini kunampa kijana swali analolitambua kuwa linahusu maisha yake.

U-Report, mfumo ulioanzishwa na UNICEF nchini Uganda mwaka 2011, haukutegemea picha: ulitumia ujumbe mfupi wa simu, bila malipo, wenye herufi zisizozidi 160. Nguvu yake ilikuwa kwamba matokeo yaliwarudia vijana na kuwafikia wabunge. Kasoro yake ni nzito: hujibu mwenye simu. Msichana wa miaka 13 anayeazima simu ya kaka yake hawezi kuulizwa humo juu ya kipigo cha nyumbani. Jibu lake laweza kusomwa na mwingine kabla halijatumwa.

Lugha nayo huletwa mwishoni, kama kiraka. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na hojaji zaweza kutafsiriwa humo au katika Luganda kwa ufasaha wote. Hata hivyo, "wiki iliyopita" itabaki kuwa wiki iliyopita, na mwezi utakuwa umeshachomoza.