"Ole" Si Laana

Katika Mathayo 24:19 Yesu asema ole kwa wenye mimba na wanyonyeshao siku za dhiki. Augustino alifasiri mimba kuwa tamaa, na kunyonyesha kuwa kuipata mali iliyotamaniwa. Fasiri hiyo yaonya vema, lakini yamsahau mama mwenyewe. Yohana Krisostomo alishika maana iliyo wazi: mmoja hawezi kukimbia kwa uzito wa tumbo, mwingine kwa kumpenda mtoto.

Msomaji wa Githongo hana haja ya kwenda mpaka Yerusalemu, iliyobomolewa na Warumi mwaka 70, ili ajue ni nani aliye sawa. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, Wameru wengi walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, na wanawake wakashurutishwa kazi za sulubu. Basi "ole" hapa ni kilio cha huruma.